Pikipiki ya Mjomba na Pikipiki ya Picha

Msomaji mpenzi, nenda leo nyuma ya nyumba yako ukaangalie. Labda ndani ya kibanda cha kuku, au chini ya mwembe, imelala pikipiki kuukuu ya babu au ya mjomba. Imeota kutu, na watoto wanaipanda kwa mchezo. Mnunuzi wa vyuma chakavu amekwisha kuiulizia mara mbili. Nawe kila uonapo vijana wanapita na pikipiki mpya zinazong'aa, moyo wako wasema: "Msimu huu wa korosho na mimi nitanunua." Kabla hujaiuza ile kuukuu kwa kilo, na kabla hujainunua ile mpya kwa deni, keti kidogo tuzungumze.

Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya sadaka. Chuoni nilifundishwa ualimu, sikufundishwa kushika spana. Walakini ofisi ya parokia ni mahali ambapo watu huja na karatasi zao zote, na mambo yao yote nyuma ya hizo karatasi. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika habari hii ya pikipiki.

Ilikuwa mwezi wa Julai, wakati mikorosho inapopulizwa salfa. Alikuja kijana wa miaka 23 kutoka kigango kimoja kando ya barabara iendayo Kilambo, kwenye kivuko cha mto Ruvuma. Akaniambia: "Shikamoo, Mwalimu. Naomba uniandikie karatasi ya makubaliano."

Nikamwuliza makubaliano gani. Akasema ataka kuuza korosho zikiwa bado maua, mikorosho 40, kwa mtu wa kangomba, ili apate fedha za kununulia pikipiki. Akatoa simu akanionyesha picha. Ilikuwa Yamaha R15, rangi ya buluu, ya mbio, imeinama mbele kama kipanga anayetaka kushuka. Mtu mmoja mjini Mtwara alikuwa akiiuza, imetumika.

"Mikorosho ni ya nani?" nikamwuliza.

"Ya kwetu, Mwalimu."

"Ya kwenu, au ya mjomba?"

Akanyamaza. Msomaji wa kusini wajua mwenyewe: kwa wengi wetu huku ukoo huhesabiwa upande wa mama, na neno la mjomba ni zito. Nikafunga kalamu yangu. Nikamwambia karatasi ya namna hiyo siandiki mpaka mjomba aketi pale kwenye benchi, asikie kila neno.

Kesho yake mjomba alikuja, akitembea kwa fimbo.

MZEE NA HONDA YAKE

Mzee yule alikuwa katekista kwa miaka mingi. Mwaka 1986 alinunua Honda CG125, na kwa hiyo alizunguka vigango vyote vya upande ule, masika na kiangazi. Mwaka 1998, katika mchanga mzito wa njia ya pwani, gurudumu la mbele lilimponyoka. Mkewe alikuwa nyuma. Hapana hata mmoja wao aliyevaa kofia ngumu. Mzee aliamka na mikwaruzo tu. Mkewe aliumia kichwani, akafariki siku ya tatu. Tangu siku ile Honda iliingia kibandani. Mzee hakuipanda, wala hakuiuza.

Basi tulipokuwa ofisini, mzee alisikiliza habari ya kangomba mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu: "Mpwa wangu, ukiuza ua, tunda ni la nani? Mikorosho hiyo itasomesha wadogo zako. Usiiguse."

Kijana akajibu kwa uchungu: "Basi nipe ile Honda, mjomba. Ingawa ile ni maiti."

Pale mzee alinyamaza kitambo kirefu hata nikaona haya kuwapo. Mwisho akasema: "Nitakupa. Lakini kabla ya kufungua hata nati moja, nataka kuona kofia ngumu mbili. Si moja. Mbili."

Tukapatana hivi: kijana aifufue Honda mpaka mwisho wa Novemba. Ikishindikana, mzee mwenyewe, akishauza korosho kwa njia ya halali kwenye chama cha msingi, atamsaidia kununua nyingine. Mimi nikapewa kazi ya kushika daftari la gharama, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

PIKIPIKI YA MBIO NA PIKIPIKI YA KAZI

Sasa, msomaji, tuzipime hizi pikipiki kama tupimavyo unga sokoni, bila kusukumwa na rangi wala na kelele.

Ile R15 ambayo kijana aliipenda ilianza kuuzwa India mwaka 2008. Ujazo wa injini yake ni sentimeta za ujazo 149. Pikipiki ya kazi uijuayo sana vijijini, Bajaj Boxer 150, nayo ina karibu ujazo uleule. Lakini R15 ya kwanza ilitoa nguvu za farasi 17 hivi, na Boxer hutoa kama 12. Utasema: "Basi R15 ni bora." Ngoja kwanza. Nguvu ile ya ziada hupatikana injini inapozunguka kwa kasi sana. Huipati unapopanda taratibu kutoka mtoni na gunia la mchele nyuma. R15 hupozwa kwa maji, ina rejeta na pampu yake. Boxer hupozwa kwa upepo tu. R15 ina gia 6, usukani wa chini, na kiti cha nyuma kidogo kilichoinuka juu. Mama mjamzito hawezi kukaa pale, wala ndoo ya samaki haifungiki. Ile imeumbwa kwa lami na kwa mtu mmoja aliyeinama.

Ukitaka kuona ukubwa wa jambo hili, itazame Yamaha R1, iliyotoka mwaka 1998. Injini yake ilikuwa na ujazo wa 998, silinda 4, na nguvu za farasi 150. Hizo ni nguvu za Boxer 12 zikifungwa pamoja! Tairi lake la nyuma lina upana wa milimeta 190, pana kama sahani. Pikipiki za namna ile hunywa lita 1 ya petroli kwa kilometa 15 hivi au 18, na ile ndogo ya kazi, ikitunzwa, huenda 40 na zaidi. Ulaya na Japani mtu huipeleka R1 kwenye kiwanja maalumu cha mashindano, akarudi nyumbani kwa lami laini. Huku kwetu, ukiiacha barabara kuu na kushika njia ya Msimbati au ya Kilambo, nguvu zile zote utazitumia kuchimba mchanga.

Sisemi mbio ni ubaya. Kampuni ya Honda, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilipeleka pikipiki zake ndogo mwaka 1959 kwenye mashindano ya kisiwa cha Man, baharini katikati ya Uingereza na Ireland, na mafundi wake wakajifunza mengi kule. Kiwanda hujaribu chuma chake katika mbio, na faida yake humfikia hata mkulima. Lakini mkulima hana haja ya kuipanda ile ya mbio yenyewe.

Na hizi za kazi, je, ipi ni bora? Kila kijiwe cha bodaboda kina wapenzi wa Boxer na wapenzi wa TVS, nao hubishana kama wapenzi wa Simba na Yanga. Mimi nitakuambia maswali manne tu ya kujiuliza. La kwanza: spea zake zapatikana wapi, na kwa siku ngapi? La pili: fundi wa kijijini kwenu aijua? La tatu: kiti na keria vyabeba mzigo wako wa kila siku? La nne: bei ya taslimu ni kiasi gani, na bei ya mkataba ni kiasi gani?

Swali hili la nne ndilo linalowaua vijana wetu. Tuseme pikipiki ni shilingi 2,800,000 kwa taslimu. Huna fedha, basi tajiri anakupa kwa mkataba: umpelekee hesabu ya shilingi 10,000 kila siku ya kazi kwa miezi 15. Siku za kazi tuseme 26 kwa mwezi. Chukua kalamu: 26 mara 15 ni 390, mara 10,000 ni 3,900,000. Umelipa shilingi 1,100,000 zaidi, na petroli, oili na tairi ni juu yako. Huenda mkataba bado wafaa, kama huna njia nyingine. Lakini fanya hesabu kabla ya kutia sahihi, si baada yake.

KWA NINI HONDA ILE HAIKUWA MAITI

Pikipiki ya kwanza yenye injini ya petroli ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1885, na mabwana Daimler na Maybach. Tangu hapo zimekuwa za namna nyingi. Wakati wa Tanganyika, wazee wetu walizijua pikipiki za Kiingereza, mathalani BSA. Kuna moja ya kiwanda hicho iliyoitwa Bantam, iliyotoka mwaka 1948 na injini ya ujazo wa 123 na nguvu za farasi 4 na nusu. Umbo lake lilitokana na DKW ya Ujerumani, kwani baada ya vita Waingereza walichukua michoro yake kama fidia. Warusi na Wamarekani nao waliiga ileile, na Yamaha ya kwanza kabisa, ya mwaka 1955, ilifuata mfano huohuo. Ukiikuta Bantam kibandani kwako, umepata kitu cha thamani. Lakini ujue kwamba kiwanda kilikwisha kufungwa, na spea zake hutoka mbali kwa bei ya mbali.

Honda CG125 ni habari nyingine. Ilitoka mwaka 1976, nayo iliundwa makusudi kwa nchi kama yetu. Honda walikuwa na injini nzuri zaidi kwa karatasi, zenye mhimili wa valvu juu kabisa ya kichwa cha silinda, unaozungushwa na cheni ndogo ya ndani. Injini ya namna ile hudai oili safi kila wakati. Mafundi wakaona kwamba katika nchi nyingi watu hubeba mizigo mizito, vumbi ni jingi, na oili hubadilishwa ikikumbukwa. Basi wakarudi nyuma kwa hekima. Mhimili wakauweka chini, penye oili, na valvu zikasukumwa na fimbo mbili za chuma zipandazo juu. Cheni ya gurudumu wakaifunika yote kwa sanduku la bati, mchanga usiingie.

Jambo la ajabu ni hili: viwanda vingi vya China viliichukua injini ile ya CG na kuitengeneza kwa mamilioni. Pikipiki nyingi za Kichina za bei nafuu uzionazo vijijini ni wajukuu wa Honda ya mzee. Kwa hiyo ringi, gasketi, valvu na pistoni za mjukuu humfaa babu. Lakini angalia: wajukuu wengine ni wakubwa zaidi. Silinda ya CG125 ina upana wa milimeta 56.5, na ya CG150 ina 62. Kwa sababu hiyo usiende dukani na jina tu. Nenda na kile kipande cha zamani mkononi, ukipime na kipya pale mezani. Na spea za Boxer au TVS haziingii humo, kwa sababu injini zao ni za umbo jingine.

JINSI TULIVYOIFUFUA

Mwezi wa Agosti kofia mbili zilinunuliwa. Mzee alizishika, akazigonga kwa kifundo cha kidole, akatoa ufunguo wa kibanda. Msomaji, kama nawe wataka kufanya kazi hii, fuata njia hii.

Kwanza, uliza habari za kadi na usajili huko TRA kabla hujatoa hata shilingi moja. Pikipiki isiyo na karatasi ni mzigo hata ikinguruma.

Pili, usiipige kiki kwa nguvu. Injini iliyolala miaka mingi huenda ringi zimegandamana na silinda, ukilazimisha, utavunja. Toa plagi, mimina oili nyepesi kijiko kimoja au viwili, iache siku nne au tano, kisha izungushe pole pole kwa mkono. Yetu ilizunguka siku ya sita.

Tatu, kila nati utoayo itie katika kopo lenye jina lake. Piga picha kila hatua kwa simu yako. Ukarani wangu ulifaa hapa: tulikuwa na makopo 14, kila moja na karatasi yake, na mwisho hapana nati iliyobaki wala iliyopungua.

Nne, tenki. Mwaga petroli ya zamani mbali na moto. Tia kokoto safi na dizeli kidogo, ziba, tikisa, mwaga, rudia mpaka kutu yote itoke. Usimruhusu mtu kulichomelea tenki kwa moto hata akikuambia ni tupu. Mvuke wa petroli hulipuka kama bomu.

Tano, kabureta. Vile vitundu vyake vidogo usivichokoe kwa waya, kwani utavipanua na pikipiki itakunywa petroli daima. Sisi tulitumia uzi wa mshipi wa kuvulia. Jirani mvuvi alitupa bure.

Sita, breki. Vumbi la breki za zamani laweza kuwa na asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Usilipulize kwa mdomo. Lipanguse kwa kitambaa kilicholowa, na kitambaa ukizike.

Saba, tairi. Tairi la miaka mingi hata kama lina meno mazima limekufa ndani. Likunje: ukiona nyufa, nunua jipya na tyubu yake.

Mpaka Oktoba tulikuwa tumefika mbali. Kijana alijifunza kwa fundi mmoja wa kijijini, mtu mpole, naye akawa anashika spana mwenyewe. Tukanunua ringi kwenye duka moja, pakiti yake nzuri, bei yake rahisi. Tarehe 10 Novemba tukaipiga kiki. Ya tatu ikawaka! Watoto walipiga makelele. Lakini baada ya dakika tano moshi wa buluu ulijaa ua, na nguvu ikaisha. Moshi wa buluu maana yake ni oili inayoungua: ringi zilikuwa bandia, na silinda yenyewe ilikuwa imelika kiasi cha yai.

Jioni ileile yule mtu wa kangomba alipita kwa mguu wake mwenyewe. Korosho sasa zilikuwa zinaanguka. Akamwambia kijana fedha ziko mfukoni, hata karatasi si lazima. Kijana alinijia usiku, mikono imejaa oili, akasema: "Mwalimu, nimechoka. Siku 20 zimebaki. Nikimpa magunia mawili tu, mjomba hatajua."

Sikuwa na jibu kubwa. Nilifungua daftari nikamwonyesha. Tumekwisha tumia kiasi hiki. Kilichobaki ni kuikereza silinda na kununua pistoni ya kipimo kikubwa zaidi. Pistoni za CG hutengenezwa kwa kuongeza robo ya milimeta kila hatua, kwa hiyo silinda iliyolika haitupwi. Hupanuliwa kidogo ikapewa pistoni ya saizi yake. Nikamwambia: "Ukimpa yule magunia mawili, daftari hili nitalifunga, nami nitamwambia mzee kwa nini." Akaondoka bila kuaga. Sikulala vizuri.

Asubuhi alikuwa mlangoni, amefunga silinda ndani ya gazeti, tayari kwenda kwa fundi wa kukereza mjini.

DAFTARI LENYEWE

Tarehe 26 Novemba Honda iliwaka, na haikutoa moshi. Gharama zake ni hizi, kama nilivyoziandika:

Kofia ngumu 2, shilingi 90,000. Tairi 2 na tyubu, 130,000. Ringi zilizoharibika, 15,000. Pistoni, ringi mpya na kukereza, 85,000. Kabureta, 35,000. Cheni na sproketi, 40,000. Betri na nyaya, 45,000. Viatu vya breki, 20,000. Rangi na msasa, 30,000. Ufundi, 120,000. Oili, plagi, gasketi na vidogo vidogo, 30,000. Jumla shilingi 640,000. Fedha hizo zilitoka kwenye kuku, ufuta, na vibarua vya kijana mwenyewe. Hapana deni.

Nakuambia kweli, haikuwa rahisi kama tulivyodhani. Nilikisia nusu ya kiasi hicho. Na Honda ile haiishindi pikipiki mpya kwa mwendo wala kwa taa. Kama injini ingekuwa imepasuka, ningemshauri aiache, kwani si kila kitu cha zamani chafaa kufufuliwa. Lakini wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na safari hii mbacha ulikuwa mzima.

CHUMVI, MCHANGA NA SALFA

Sasa utunzaji, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku kwetu, kati ya bahari na mto Ruvuma, pikipiki ina maadui watatu.

Adui wa kwanza ni chumvi. Watu hupita na pikipiki ufukweni Msimbati, maji yakiwa yamekupwa, kwa sababu mchanga uliolowa ni mgumu. Wengine hubeba samaki, na maji ya chumvi hutiririka juu ya cheni na spoku. Chumvi huharakisha kutu sana. Ukifika nyumbani, ioshe kwa maji baridi ya kisima siku ileile, ikauke, kisha paka cheni oili.

Adui wa pili ni mchanga na vumbi. Toa chujio la hewa kila juma ulisafishe. Injini inayovuta vumbi hujisaga yenyewe.

Adui wa tatu wengi hawamjui: ni salfa. Tunabeba mifuko ya salfa kwenda shambani, na unga wake huanguka juu ya nyaya na chuma. Ukikutana na unyevu huila shaba na chuma pole pole. Funga mfuko ndani ya turubai, na upanguse pikipiki baada ya kazi.

Na oili! Ukienda kilometa 100 kwa siku, kilometa 1,500 zimekwisha kwa siku 15. Injini ya CG hubeba karibu lita 1 tu, na lita hiyo moja ndiyo inayolainisha pistoni, gia na klachi pamoja. Ikiwa nyeusi na nyepesi kama chai, imwage. Usiimwage kisimani wala mtoni. Itie katika dumu, fundi ataipokea.

KOFIA MBILI

Nilitaka kuishia hapo, lakini mzee hataki niishie hapo. Aliniambia: "Ukiandika gazetini, andika habari ya kofia kuliko habari ya injini."

Mwaka 2008 wataalamu walikusanya pamoja matokeo ya uchunguzi 61 kutoka nchi mbalimbali. Wakaona kwamba kofia ngumu humpunguzia mpanda pikipiki hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, na hatari ya kufa kwa asilimia 42. Sheria ya Tanzania yataka dereva na abiria wote wawili waivae. Lakini tazama barabarani: dereva amevaa, au ameitundika kwenye usukani, mama nyuma amevaa kanga tu, na mtoto katikati. Twaita "mishikaki," tunacheka. Wanaocheka hawajamzika mtu kwa sababu hiyo.

Kofia yenyewe iwe yenye mkanda, na mkanda ufungwe. Kofia isiyofungwa hutangulia kuruka kabla ya kichwa kufika chini. Na kofia iliyokwisha kugongwa mara moja kwa nguvu usiitumie tena, hata kama haionekani ufa.

Siku Honda ilipotoka kibandani, kijana aliipaka rangi nyekundu upya. Ubavuni mwa tenki palikuwa na mbonyeo, wa siku ile ya 1998. Fundi alitaka kuunyosha. Mzee akasema: "Hapo pawe vile." Basi rangi ikapakwa juu yake, mbonyeo ukabaki.

Kijana alipata leseni yake kwanza. Sasa huamka alfajiri kuchukua samaki Msimbati na kuwapeleka mjini; msimu ule wa korosho alibeba magunia ya jirani mpaka ghala la chama cha msingi. Mikorosho 40 iko palepale, na korosho zake ziliuzwa mnadani kwa stakabadhi, si kwa kangomba. Wadogo zake wawili wako sekondari. Picha ya ile R15 bado iko kwenye simu yake, simlaumu. Kijana asiye na picha ya kutamani ni kijana gani? Asema atanunua pikipiki ya pili kwa taslimu, na ameanza kuniuliza ile ya kazi, si ile ya mbio.

Jumapili moja mzee alihitaji kwenda kigango cha mbali, kwenye mazishi ya katekista mwenzake. Gari halikuwapo. Kijana alileta Honda mlangoni, akampa kofia ya pili. Mzee aliishika muda mrefu. Miaka mingi hakupanda. Kisha akaivaa, akafunga mkanda chini ya kidevu, akapanda nyuma.

"Pole pole, mpwa wangu," akasema.

"Ndiyo, mjomba."

Wakaenda pole pole, wakarudi jioni salama. Nawe, msomaji mpenzi, nenda ukaangalie kibandani. Na kama hukuti pikipiki, hata hivyo kofia yaweza kununuliwa kesho. Nunua mbili.